Jino Lisilo na Kosa

Tulimzika Wanjiru mwezi uliopita, na bintiye, Njeri, aliniomba nisimame ukumbini baada ya maziko niseme machache juu ya mama yake, kwa kuwa pale Stratford, London, hapakuwa na mtu mwingine aliyemjua tangu ujana. Nilikataa. Nilimwambia mdomo wangu hauelewani na baridi, na hilo ni kweli, maana upepo wa makaburini ulikuwa umeshanipiga shavu la kushoto na nilikuwa nasikia moto ukitoka nyuma ya sikio ukishuka hadi kwenye fizi. Lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo. Ninayoyajua mimi kuhusu Wanjiru si ya kusemwa kwenye kipaza sauti mbele ya mchungaji na akina mama wa chama wenye vitenge vya sare. Nilikaa karibu na kipasha joto, nikala mukimo, viazi vyao vya kuponda na mahindi, kwa upande wa kulia, na dada mmoja aliyekuwa akinitazama ninavyotafuna akaniuliza, "Auntie, ni jino?" Nikamwambia, "Si jino, mama. Ni jirani yake." Akacheka kwa adabu, nadhani alifikiri nimeanza kuzeeka vibaya.

Na huyo jirani nimekaa naye zaidi ya miaka ishirini sasa. Madaktari wamempa majina kulingana na aliyekuwa zamu. Mmoja alisema ni mabaki ya ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe anapokunywa damu yako na kukuachia vijidudu vyake. Mwingine akasema Lyme ilikwisha zamani kwa dawa, na nilichobaki nacho ni mshipa wa fahamu wa uso ulioharibika. Wa tatu, kijana mwenye miwani myekundu, aliniambia waziwazi kwamba hiyo Lyme sugu watu wanayoizungumza mitandaoni haipo. Nikamjibu sawa, daktari, haipo, ila hiyo isiyokuwepo ndiyo inayoniuma. Sipendi kubishana tena juu ya majina. Niligombana na jina mara moja tu maishani, na nusura linigharimu akili na meno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza London. Nani alinizaa na kwa nini niliondoka Tanga ni habari ndefu isiyosaidia kitu hapa. Inatosha kusema kwamba nilifikia kwa Da Tabu, mwanamke wa kwetu aliyekuwa mpishi katika shule moja ya msingi, na kwamba nilikuwa nasubiri karatasi za kuniruhusu kufanya kazi. Nyumba yake ilikuwa nyembamba, ukuta kwa ukuta na majirani, nyuma ya reli, enzi zile kabla Stratford haijajengwa maduka ya vioo. Chini kulikuwa na jiko lenye unyevu na sebule aliyolala yeye mwenyewe. Juu kulikuwa na chumba kimoja cha maana, na humo alikuwemo mpangaji, Wanjiru, Mkenya wa Nyahururu aliyefanya kazi ya kulea wazee majumbani kwao. Nikawekewa godoro upande wa dirisha. Kati yetu palikuwa na sanduku lake la safari lililofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kulikuwa na Biblia yake, msahafu wangu, na kopo la vaselini la wote wawili. Treni ikipita, kopo lilitembea lenyewe kuelekea kwenye msahafu, naye akawa ananiambia, "Ona, hata mafuta inataka kusilimu."

Nilimpenda mapema, hilo liandikwe. Alikuwa na miaka kama thelathini, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na hakuwa na siri hata moja. Da Tabu yeye alikuwa mwema kwa mkono na mkali kwa ulimi. Alinilisha, akaninunulia koti, kisha akakaa mezani akisema na sufuria badala ya kusema nami: "Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa hapa jembe liko wapi? Hapa hata shamba hakuna." Mimi nilikuwa nimeosha kila kijiko cha nyumba ile na kupika kila usiku, lakini kazi ya ndani haionekani mpaka ikose mtu. Nikawa nakula kidogo mbele yao, nakula mkate jikoni wakiondoka.

Mwezi wa tano, jua lilipoanza kuwa jua, Wanjiru alitoka kanisani akanipitia akaniambia twende msituni Epping kuchuma thabai. Ni majani yanayowasha, ukiyagusa mkono unavimba, na mimi kwetu nimefundishwa kwamba kinachowasha hukimbiwa. Yeye kwao huyachemsha na kuyaponda pamoja na viazi na mahindi. Alikuwa ameyaona kwenye safari moja ya kumtembeza mzee wake, akakaa wiki nzima akiyaota. Tukaenda na mifuko ya plastiki tumeivaa mikononi kama glavu, Waingereza wenye mbwa wakitupisha njia wasijue watusalimie au waite polisi. Alichuma akiimba. Mimi nilichuma kidogo, kisha nikavua mtandio, nikajilaza kwenye majani marefu chini ya mti, uso juu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii kuhisi joto likiingia mwilini. Nililala usingizi mtamu. Sikumbuki kuhisi kitu.

Siku chache baadaye alikuwa ananisuka, mimi nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, Da Tabu kwenye kiti akikunja nguo, mara mikono yake ikasimama kichwani mwangu. "Wee Saumu," akasema Wanjiru, "kaa straight, usishtuke. Uko na kupe." Nikadhani utani. Akachukua vaselini, akampaka, akangoja, akamvuta kwa kucha kutoka nyuma ya sikio langu la kushoto, pale nywele zinapoanzia. Alikuwa amevimba kama punje ya kunde. Kwao, alisema, mtoto akirudi kutoka malishoni hutolewa kupe kama anavyotolewa mavi ya pua, hakuna anayelia. Akamponda kwenye dirisha, damu yangu ikatoka, na hapo ndipo akasema neno lililomchekesha mwenyewe mpaka akashika mbavu: "Haki ya Mungu, kupe amepata kupe mwenzake!" Da Tabu, ambaye hacheki ovyo, alicheka mpaka akafuta machozi kwa foronya. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akinitazama mimi.

Nilicheka pia. Ungefanya nini? Kwa wasiojua, kwetu kupe si mdudu tu. Ni mtu asiye na kwake, anayejibanza kwa wenzake akinyonya. Kuanzia siku hiyo jina likakaa. "Kupe, chai." "Kupe, treni yako ya saa ngapi?" wakati sina ninakokwenda. Wanjiru alilisema kwa mapenzi, kama watu wanavyomwita mtoto mnene kibonge, na sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba kila akilisema nasikia mlango ukifungwa. Nyuma ya sikio pakaanza kupata joto. Nilimwomba atazame, akasema haoni kitu. Ngozi yetu haitangazi wekundu, inameza. Akaweka kidole tu, akasema, "Ni kama pako na ka-fever kake."

Kabla mwezi wa sita haujaisha nikaanza kuchoka uchovu wa ajabu, shingo ikakakamaa, kisha likaja jino. Nasema jino kwa sababu sikuwa na neno lingine. Lilikuwa gego la chini kushoto, zima, jeupe, lisilo na tundu, na likaanza kuuma kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Halikuuma mfululizo. Lilinyamaza, nikasahau, kisha nikinywa chai au nikipigwa na upepo wa mlango, moto ukapita kutoka nyuma ya sikio, ukafuata taya, ukaishia kwenye gego kama mtu anayegonga msumari. Kesho yake liliuma la juu. Keshokutwa likarudi la chini. Da Tabu alinipa karafuu za kung'ata na maji ya chumvi. Wanjiru alileta vidonge vya kutuliza maumivu. Jikoni nikaacha kutafuna, nikawa nakunywa uji, na Da Tabu akaliona hilo pia. "Hata kula sasa hali," nilimsikia akimwambia Wanjiru. "Ameanza visa."

Daktari wa meno tuliyempata alikuwa na chumba juu ya duka la viatu, na alikuwa mtu mpole, sina lawama naye. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, lakini maumivu yalikuwa yamekila chote, na sheria yao hairuhusu rafiki atafsiri, kwa hiyo akapiga simu ya mkalimani, akaiweka mezani kati yetu kwenye spika. Mkalimani alikuwa mwanamume, sauti ya haraka, ya mtu aliyeacha chakula mezani. Nikataka kumwambia yote. Nikataka kusema nilitolewa kupe. Lakini neno lenyewe nikaliruka, kwa sababu Wanjiru alikuwa amekaa pembeni yangu na sikutaka kulitamka mwenyewe, kana kwamba nimekubali. Nikasema, "Niliumwa na mdudu hapa, tangu hapo linauma," nikaweka kidole nyuma ya sikio. Simu haina macho. Na kwetu mdudu akitajwa pamoja na jino, maana ni moja, ni yule anayelila jino kwa ndani. Mkalimani akamwambia daktari jino langu limeoza, na hata Wanjiru alikuwa ameelewa hivyo hivyo. Daktari akapiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akakuna kidevu. Hakuona kuoza. Alisema tungoje. Nikalia. Nililia mpaka akasema mzizi unaweza kuwa umepasuka mahali pasipoonekana, na nikamsihi alitoe.

Alilitoa likiwa zima. Naliona hadi leo kwenye kile kibakuli cha chuma, na mizizi yake miwili imara, halina doa. Nilirudi nyumbani na pamba mdomoni nikiwa na furaha ya kijinga, na jioni ile moto ukapita tena nyuma ya sikio, ukafuata taya, ukagonga mahali ambapo hapakuwa na jino. Hilo ndilo lililonitisha. Jino unaweza kuling'oa. Pengo utaling'oaje?

Baada ya hapo uso ukaanguka. Niliamka nikaenda kupiga mswaki, maji yakatoka upande wa kushoto wa mdomo yakaloanisha kifua, nikatazama kioo nikaona nusu ya uso wangu imelala. Jicho halifungi. Mdomo umeshuka. Nikajaribu kutabasamu, na aliyetabasamu alikuwa mtu mwingine, upande mmoja tu. Da Tabu aliponiona alitoa sauti, kisha akafunika kioo cha ukumbini kwa kanga. Kwetu hilo linajulikana: umepita mahali, upepo mbaya umekupiga. Akanisomea, akanipulizia maji, na nasema kweli alifanya kwa huruma. Lakini mchana nikiwa kwenye ngazi nilimsikia kwenye simu akiongea na mtu wa Tanga. "Jino limetolewa, bado anasema linauma jino lililotolewa. Sasa na uso. Kichwani si mzima huyu. Mimi mgonjwa wa mwili namlea. Wa akili simwezi, nitamrudisha kabla hajanifia ndani." Nilikaa kwenye ngazi ile mpaka alipokata simu. Nilijua ninachopoteza sasa. Si meno peke yake. Kama hakuna atakayeniamini kwamba maumivu yana chanzo, nitarudishwa Tanga kichaa, mwenye uso nusu, na maumivu nitakwenda nayo.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa daktari wa meno mara ya pili nilikuwa nimeapa kulitaja. Alikuwa amenipa siku ya kulitazama gego la juu, na sindano ilikuwa tayari kwenye sinia. Wanjiru alikuwa kazini, na nilifurahi, maana peke yangu ningeweza kulisema. Simu ikawekwa mezani. Safari hii alikuwa mwanamke, Mkenya, mpole sana, akaniita "dear." Akaniuliza shida ni nini. Nikavuta pumzi nikasema, kwa nguvu zangu zote, "Ni kupe."

Sasa nikuombe ujaribu jambo. Shika upande mmoja wa midomo yako usiache ikutane, kisha useme neno hilo. Ile herufi p inataka midomo miwili ifungane. Yangu haikufungana. Upepo ukatoka pembeni, na kilichoingia kwenye simu kilikuwa "nikufe." Kwetu Tanga neno hilo halimaanishi kitu, sisi tungesema nife. Lakini kwa Mkenya ni Kiswahili cha kila siku, wazi kama jua: acha nife. Mkalimani akaniuliza: "Dear, umesema nini?" Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. "Nikufe! Nikufe!" Nikasikia Kiingereza chake, taratibu, kikimwambia daktari kwamba huyu msichana anaomba kufa.

Daktari aliweka sindano chini. Nikatikisa kichwa, nikasema hapana, si kufa, nikasema tena lile neno na tena likatoka vilevile, na kadiri nilivyolia ndivyo midomo ilivyozidi kulegea. Nikaonyesha nyuma ya sikio, nikagonga kwa kidole. Wakatazamana, yeye na msaidizi wake, na swali likapitia kwenye simu: je, nasikia sauti sikioni? Nami, mjinga wa watu, nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu tangu uso uanguke sikio la kushoto lilikuwa linavuma na kila kijiko kikianguka kililia kama kengele. Basi. Wakaniita teksi, msaidizi akapanda nami, ameshika mkono wangu njia nzima mpaka hospitali. Hata sasa siwezi kusimulia sehemu hii bila kucheka, na nikicheka shavu linauma.

Chumba walichoniweka kilikuwa na viti vilivyofungwa sakafuni na dirisha lisilofunguka. Nesi aliyekaa nami alikuwa na subira, akanipa chai ya maziwa iliyotiririka kwenye kidevu changu, akanifuta bila kusema kitu. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa naogopa. Nilifikiri, sasa imeandikwa, na Da Tabu ataambiwa, na hakuna kitu nitakachosema kuanzia leo kitakachosikika vingine. Ndipo akaingia Wanjiru na sare yake ya kazi, glavu moja bado mkononi, anahema. Walikuwa wamempigia yeye kwa sababu namba yake ndiyo niliyoijua kwa kichwa.

Akachuchumaa mbele yangu. "Saumu. Ati unataka kufa? Kwa nini hukuniambia? Haki, kwa nini?" Nikatikisa kichwa. Kisha nikafanya kitu ambacho ningekifanya mapema kama hofu isingekuwa imenifunga akili. Nikaibana midomo yangu kwa vidole, kidole gumba chini na cha shahada juu, nikaikutanisha kwa lazima, nikasema: "Ku-pe."

Alinitazama. Uso wake ukabadilika, na nikaona kwamba hakuelewa nilichokusudia. Alifikiri namshtaki. Akaanza kulia. "Ilikuwa jokes tu, Saumu. Ni sisi tulikuita hivyo, mimi na Tabu, lakini walahi sikuwa namaanisha. Si wewe ndiye unatupikia? Si nakuja nyumba napata chakula moto? Ati uende ujiue juu ya jina! Mimi ni mjinga, nisamehe." Alisema mengi, na yote niliyahitaji, na hayo ndiyo yaliyonifanya nilie kilio changu cha kwanza cha kweli mwaka ule. Lakini hayakuwa niliyoyasema. Nikamshika mkono, nikamvua ile glavu, nikachukua kidole chake nikakiweka nyuma ya sikio, pale pale, kwenye kijivimbe kilichokuwa hakijapona. Kisha nikakivuta polepole kufuata taya mpaka kwenye meno, njia ile ile ambayo moto ulipita.

Akakirudisha kidole nyuma ya sikio. "Ngai," akasema, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwao. "Ile kupe."

Akageuka kwa nesi akaanza kueleza kwa Kiingereza, akirukaruka, msituni, majani, wiki ile aliyonisuka, jinsi alivyomtoa kwa kucha na vaselini kama wanavyofanya kwao. Nesi akatoka akarudi na daktari wa kike kijana, aliyekulia mashambani Scotland, na huyo hakuuliza chochote kuhusu kufa. Aliniinamisha kichwa, akatenganisha nywele, akauliza lilikuwa lini. Akaniambia nikunje paji la uso, nivimbishe mashavu, nifumbe jicho. Walichukua damu, na baadaye maji ya uti wa mgongo. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba meno ya mgonjwa huyu yaachwe, hayana kosa.

Dawa nilizinywa wiki kadhaa. Uso ukarudi polepole, kwanza jicho, kisha pua, na mwisho mdomo, ambao ukinitazama vizuri utaona haukurudi wote. Gego la juu bado ninalo. Maumivu yalipungua hayakuisha, nami nilijifunza kuishi nayo jinsi nilivyoishi na treni nyuma ya nyumba. Da Tabu alikuja hospitali na supu ya kuku, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nilikwambia ule," na hiyo ndiyo radhi pekee aliyowahi kuniomba. Neno Tanga halikutajwa tena.

Lakini kuna jambo moja ambalo si madaktari wala Da Tabu walilijua. Siku tuliyotoka hospitali, mimi na Wanjiru tulikaa kituoni tukingoja basi, mchana, jua dogo limetoka, na alikuwa akicheka akilirudia lile kosa, nikufe, ni kupe, nikufe, akiigiza sauti ya mkalimani. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza bila kunitazama, "Lakini Saumu. Hukuwa unataka?" Ningeweza kumdanganya. Basi lilikuwa linaonekana mbali. Nikamwambia, siku nyingine, ndiyo. Nikiwa kwenye ngazi siku ile, ndiyo. Yule mama wa kwenye simu alisikia vibaya, lakini hakukosea sana.  Wanjiru hakuniombea, wala hakunihubiria, na kwa mtu wa kanisa kama yeye nadhani ilimgharimu. Alisema, "Haya, hiyo kitu ikirudi, usiniambie na hicho Kiswahili chenu cha Tanga cha kuzunguka. Uniambie tu nikufe. Nitajua nije."

Nilimwambia mara mbili katika miaka yote hii. Mara ya kwanza alikuwa akiishi Harrow, akaja akiwa na mimba ya Njeri, miguu imevimba, akakaa kwangu mpaka maumivu yakapungua. Mara ya pili alikuwa ameshaanza kuugua yeye mwenyewe, akaja na mkoba wa dawa zake, tukalala kitanda kimoja wanawake wawili wazima tukilalamika juu ya mwili. Tangu tumzike, jirani yangu amekuwa mkali kila siku, na nimekuwa nikiitazama simu kama kitu kisicho na kazi tena. Nilidhani neno lile limezikwa naye.

Jumamosi iliyopita Njeri alinipitia. Hakukaa. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili hajui zaidi ya salamu, kwamba mama yake alimfundisha neno moja kabla hajafa na akamrudishia tena na tena mpaka akalishika. Alimwambia, Auntie Saumu akikupigia simu akalisema, washa gari, usimuulize kitu. Njeri hakujua maana yake na hakutaka kujua. Alitaka tu kuwa na hakika kwamba akilisikia atalitambua, kwa hiyo akalitamka pale mlangoni, taratibu, kwa lafudhi yake ya London, kisha akaniuliza kama amelisema sawasawa.